Majibu ya vipimo vya ndege wa ziwa yanaenda wapi?

Mhariri,

Nimechoka na hizi habari za "virusi vipya vyapatikana kwa ndege wanaohama", watu wanazisambaza kwa wasap siku mbili tatu halafu kimya, na huku kwetu Ziwa Victoria hakuna anayetuambia kitu.

Kwanza, kupata kirusi kipya kwa ndege sio kusema ugonjwa umeingia. Mwaka wa 1961 buabua, wale ndege wa majini, walikufa kwa wingi pwani ya Afrika Kusini, kirusi cha mafua ya ndege kikapatikana kwao, na ndio mara ya kwanza kukitoa kwa ndege wa porini. Tangu hapo wataalamu wamepata aina kibao, hasa kwa bata na shakwe, na wengi wa hao ndege hata hawaumwi, kirusi kinakaa tumboni kinatoka na kinyesi kinaingia majini. Balaa ni kikifika kwa kuku wetu waliobanana bandani, hapo kinaweza kubadilika kikafyeka banda zima. Hii H5N1, aina ya mafua hayo inayosumbua dunia saa hii, ukoo wake ulipatikana 1996 kwa bata bukini wa kufugwa huko Guangdong, Uchina. Wa kufugwa! Kwa hivyo nyinyi mnaotaka tukate miti wanayolala korongo ili kuzuia ugonjwa, jameni, mnamfukuza nani?

Lakini tusijidanganye pia kwamba ndege hawabebi. Januari 2017 buabua wale wa mabawa meupe wanaotoka Ulaya na Asia walikutwa wamekufa Lutembe karibu na Entebbe, Uganda, ikawa ni H5N8, aina nyingine ya mafua hayo, na kule Masaka bata na kuku wa watu wakapatikana nayo. Kenya ikazuia kuku na mayai ya Uganda, na sisi tuliokuwa tunatoa vifaranga huko tukabaki na mabanda matupu. Sawa, lakini ziwa si ni hilo hilo moja, ndege hasimamishwi pale mpakani Busia aonyeshe karatasi.

Sasa hapa ndio pananiuma. Kuna wakati watu wa utafiti walikuja kwetu na glavu na kibuyu cha barafu, wanamshika bata wanamwingiza kijiti chenye pamba nyuma, kingine kooni, wanakitia kwa kichupa wanaandika namba. Bata wangu pia walipimwa, maana wanaogelea pale pale ndege wa mgeni wanapotua, na namba yangu ya simu ikaandikwa. Mpaka leo sijapigiwa.

Matokeo yake, kuku wakianza kusinzia na kufa mwezi wa Disemba sisi wote tunasema ni kideri, ule ugonjwa wa kuku tuliouzoea. Ukiona wawili wamelala chali, waliobaki unawakimbiza sokoni kabla hujala hasara, muuzaji hajui na mnunuzi ndio kabisa.

Naomba wahusika wapime kila msimu, kuanzia ndege wakiingia Septemba mpaka waondoke Aprili, na majibu yasomwe redioni kwa Kiswahili na Dholuo, hata kama ni kutuambia hakuna kitu. Na fidia iwekwe wazi mapema, sio kuku wachomwe ndio tuanze kuundiwa kamati. Mimi nikijua banda langu litafungwa bure bure simu sipigi, na wafugaji wenzangu hapa wananiambia hivyo hivyo.

Mfugaji wa kuku na bata,
Homa Bay