Orodha ya apt isomwe kabla ya kujibu ndiyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe watumiaji wa Ubuntu na Debian, mifumo endeshi ya kompyuta ya jamii ya Linux, kuhusu kosa lililotupotezea siku nzima katika chumba cha kompyuta ninachokihudumia. Kijana mmoja, akitaka kupata nafasi kwenye diski, alitumia apt, chombo cha kusakinisha na kuondoa programu, kuamuru Python 3, lugha ya kompyuta ambayo sehemu nyingi za mfumo huitegemea, iondolewe, akajibu ndiyo bila kusoma orodha ndefu ya vitakavyoondolewa iliyojitokeza, na eneokazi lote likaondoka nayo, tukabaki na skrini nyeusi yenye maandishi matupu.

Orodha hiyo ndiyo kinga yetu, nayo isomwe jina kwa jina. Tena amri ya "apt -s remove" huonyesha kitakachoondolewa pasipo kugusa chochote. Ifahamike pia kwamba "remove" huacha faili za mipangilio katika /etc, ilhali "purge" huzifuta, ingawa zilizomo kwenye folda ya mtumiaji hubaki. Kuhusu "autoremove", amri ya kuondoa vifurushi vilivyoingia kwa kuhitajiwa na vingine na ambavyo havihitajiwi tena, nasihi zaidi, kwa kuwa kifurushi (yaani programu) unachokitumia kila siku, ikiwa kiliingia kama tegemezi la kingine, kinaweza kufutwa usipokitia alama kwa "apt-mark manual". Anayetafuta nafasi tu aanze na "apt clean", ambayo hufuta vifurushi vilivyopakuliwa na kuziacha programu zilivyo.

Mwalimu wa kompyuta,
Morogoro