Mama mkwe anataka jiko la mkaa ndani ya hema la watoto

Shangazi, shikamoo.

Usiku wa kuamkia leo sijapata hata lepe la usingizi. Ni hii safari ya Ngorongoro. Kusema kweli mimi hata siitaki tena, waende tu wenyewe. Lakini wanangu hawatalala na jiko la mkaa, hapo silegezi.

Baridi ya kule juu unaijua. Kambi ya Simba iko ukingoni mwa kreta, kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na huu ni Julai. Mama mkwe anasema wajukuu zake wataganda, kwa hiyo mkaa ukishakolea jiko liingizwe hemani na zipu ifungwe. Nikakataa. Baba watoto akanijibu mbele ya mama yake na mawifi zangu: "Mama amelea watoto saba, wewe umesoma kwenye simu."

Sikukataa kwa jeuri. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Moshi ukiisha watu hudhani hatari imekwisha, kumbe makaa mekundu yanaendelea kuitoa, hata yakifunikwa na majivu. Aliye macho huumwa kichwa na kusikia kichefuchefu; aliyelala anaweza asiamke tena. Kuacha kidirisha wazi hakutoshi. Sasa hayo ni maringo?

Na siyo kwamba nimekataa jiko ili watoto watetemeke. Baridi ya hemani inatoka chini. Godoro la upepo peke yake ni sawa na kulalia hewa baridi, kwa hiyo linaanza turubai, kingo zake zikikunjwa ndani ya mipaka ya hema zisikinge maji ya mvua, halafu mkeka, godoro la sponji, ndipo blanketi. Mkubwa ana miaka 5, anatumia begi la kulalia la mtu mzima. Sehemu ya miguuni inayobaki tupu inakunjwa na kufungwa kamba, maana itamnyonya joto usiku kucha. Mdogo ana mwaka na nusu, yeye begi la mtu mzima haliingii kabisa, wala blanketi zito la kumfunika uso: fulana, sweta, ovaroli nene na soksi. Nguo walizochezea zinavuliwa zote kwa sababu zina jasho. Chupa ya maji ya moto ndani ya soksi inapasha matandiko, na inatolewa kabla mtoto hajaingia. Matundu ya hewa ya hema hayazibwi, la sivyo pumzi zinageuka maji na kudondokea blanketi, na blanketi bichi ndilo linaloleta baridi yenyewe.

Poti inakaa ndani, maana pale nyati na pundamilia hupita katikati ya mahema usiku. Huwezi kumtoa mtoto nje akakojoe. Chakula chote kwenye gari, hata biskuti ya mfukoni, kwa ajili ya fisi na nyani. Kufika ni saa 10 jioni, hema lisimame kabla ya giza. Haya yote nimeyapanga mimi. Wao wamepanga jiko.

"Mama amelea watoto saba." Sawa, lakini aliwalea pwani, Shangazi, na jiko lilikaa uani! Ninamheshimu mama, hata mchele wa safari nimeagiza ule anaoupenda yeye. Ningeambiwa faragha ningemeza. Lakini mbele ya mawifi?

Na kuna jambo jingine. Mahema ni mawili, na imeshaamuliwa kuwa bibi atalala na wajukuu kwenye hilo kubwa, sisi wawili kwenye dogo. Nikisema watoto walale na mimi, nitaambiwa namnyang'anya bibi wajukuu. Nikinyamaza, nani atajua jiko limeingizwa saa ngapi? Nimefikiria nimwombe askari wa kambi amkataze mama, ionekane ni sheria ya pale na si mdomo wangu. Au nimwambie baba watoto aseme mwenyewe, wakati na yeye simsemeshi? Au nibaki nyumbani na mdogo, ingawa huyo mkubwa ndiye nitakayemwaza usiku kucha?

Tafadhali nijibu kabla ya Alhamisi, maana usiku huo tunapakia, na jiko nimeshaliona limefungwa kwenye kiroba karibu na gari.

Mama wa watoto wawili, Arusha