Barua ya wazi kwa wazazi Waswahili mnaoishi katika nyumba za zamani Marekani

Wanangu,

Ninyi mliotoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya, mkapata makazi kwenye nyumba za mbao za miji ya zamani ya Marekani, nawaandikia kuhusu rangi iliyo kwenye kuta zenu. Mwaka 1978 rangi za nyumba zenye madini ya risasi zilipigwa marufuku nchini humo, lakini marufuku haikubandua zile zilizokwisha kupakwa. Nyumba yako ikiwa ilijengwa kabla ya hapo, huenda risasi bado ipo, chini ya rangi nyeupe aliyopaka mwenye nyumba kabla hujahamia.

Mwaka 2000, mjini Manchester, New Hampshire, mtoto wa kike wa miaka miwili kutoka familia ya wakimbizi wa Sudan alifariki kwa sumu ya madini haya ya risasi. Familia yake ilikuwa na wiki chache tu Marekani.

Ukuta ambao rangi yake haijabanduka wala kupasuka hautishi sana. Anzeni kutazama dirishani. Madirisha ya zamani hupanda na kushuka ndani ya mfereji wa mbao. Kila ukilisukuma, rangi inasagana na rangi na unga wake unamwagika kwenye kizingiti. Hapo ndipo mtoto anayejifunza kusimama hushikilia, kisha vidole vinaingia mdomoni. Akiwa anaota meno, huguguna mbao yenyewe. Tazameni pia milango inayokwaruza fremu, ngazi, nguzo za baraza, na udongo wa chini ya ukuta wa nje.

Sasa nisikilizeni vizuri. Sisi tumelelewa kuamka na kufagia, na ni malezi mema. Ila ndani ya nyumba hizi ufagio mkavu hurusha vumbi juu, nalo likatua kwenye godoro, kwenye vitu vya kuchezea na kwenye sahani. Mashine ya kuvuta vumbi isiyo na kichujio cha HEPA, yaani kile kinachonasa vumbi laini sana, hufanya vivyo hivyo. Safisheni kwa maji. Chukueni ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni, nyingine ya kusuuzia. Watoto wakiwa chumba kingine, anzeni na vizingiti na mifereji ya madirisha kwa karatasi za jikoni zilizoloweshwa. Kila karatasi ikichafuka, itupwe kwenye mfuko wa plastiki, isirudishwe ndooni. Sakafu iwe ya mwisho, mkideki kutoka kona ya mbali kuelekea mlangoni, na maji ya kusuuzia yabadilishwe kila chumba. Maji machafu mwageni chooni, kamwe si kwenye sinki la vyombo wala uani. Kila wiki, bila kuruka.

Mikono ya watoto ioshwe kwa sabuni na maji kabla ya kula na kabla ya kulala. Ile dawa ya mikono ya spiriti huua vijidudu lakini haiondoi risasi. Viatu vibaki mlangoni.

Rangi ikianza kubanduka, usiikwangue wala kuipiga msasa. Okota magamba kwa karatasi iliyoloweshwa, sogeza kitanda cha mtoto mbali, na uzibe mahali pale kwa plastiki na utepe imara hadi fundi aje. Mwandikie mwenye nyumba, usimpigie simu tu. Weka tarehe, ambatisha picha, na ubaki na nakala. Sheria inamtaka, kabla hujasaini mkataba wa nyumba ya kabla ya 1978, akueleze anachojua kuhusu risasi ndani yake na akupe kijitabu cha maelezo. Kampuni anayoikodi kubomoa au kukwangua rangi hiyo inatakiwa iwe na cheti cha kazi hii. Mafundi wakija na msasa wa umeme bila kutandika plastiki wala kufunga chumba, toeni watoto na muwaambie wasimame.

Mtoto mwenye risasi mwilini anaweza kucheza na kula kama kawaida huku akili yake ikidhurika, kwa hiyo msingoje dalili. Ombeni kipimo cha damu akifika miezi 12 na tena miezi 24. Cha kidoleni kikionyesha kiwango cha juu, kirudiwe kwa damu ya mshipani, kwa maana vumbi lililo kwenye ngozi linaweza kukipotosha. Kuanzia kiwango cha risasi cha 3.5 (mikrogramu kwa desilita moja ya damu) daktari anapaswa kufuatilia. Dawa ya kuitoa risasi mwilini kwa kawaida hutumika kuanzia 45. Chini ya hapo tiba ni kutafuta inakotoka na kuifunga njia. Chakula nacho kinasaidia: mwili usio na madini ya chuma ya kutosha hufyonza risasi zaidi, basi dagaa, maharage, nyama, maziwa na chungwa visikosekane, na mtoto asishinde njaa. Udongo wa kula na wanja wa unga unaoletwa kutoka nje ya nchi huweza kuwa na risasi pia. Mwambieni daktari mkiwa mnavitumia, msione haya.

Ninyi mliofika juzi, mtoto akipimwa mara ya kwanza na kukutwa salama, rudini apimwe tena baada ya miezi mitatu hadi sita. Kipimo cha kwanza kinaeleza mlikotoka. Cha pili ndicho kitakachowaambia kuhusu nyumba mnayolala sasa.

Mzee wenu