Jina la Baba

Atlanta, Georgia

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Hela ya bati nimetuma jana, uipokee mwenyewe, isipitie kwa mtu. Baridi imeanza, kazi zinaendelea.

Mama, suala la mtoto wa Elia limeniuma. Nimelisikia kwa Shangazi, wala si kwa Elia mwenyewe, kwamba jina la Baba limewekwa kando eti Haruni ni jina la wazee. La wazee! Huku kuna barabara kubwa inaitwa Hank Aaron Drive, naipita kila siku nikienda kazini. Aaron ndiyo Haruni yetu, wao wanatamka hivyo.

Msomee Elia haya. Huyu Haruni alizaliwa Mobile, Alabama, mtoto wa watu weusi wasio na kitu, akajifunza besiboli, mchezo wao wa kupiga mpira kwa gongo, kwa kupiga vizibo vya chupa kwa fimbo. Tarehe 8 Aprili 1974, hapa hapa Atlanta, aliuvusha mpira juu ya uzio mara ya 715, akaipita rekodi ya Babe Ruth, mzungu waliyemtukuza miaka nenda rudi. Kabla ya hapo alimiminiwa barua za matusi na vitisho vya kumuua, kwa sababu ya rangi yake tu. Akaendelea kupiga. Amestaafu 1976 ana 755. Usiku ule mama yake aliingia uwanjani akamkumbatia kwa nguvu. Kila nikiiona picha ile nakukumbuka wewe pale stendi, siku naondoka.

Uwanja wenyewe ulishabomolewa, ila mpira ulipovukia wameacha alama. Nilikwenda Jumapili moja, nikasimama pale peke yangu. Ikanijia sauti ya Baba akitusomea kitabu cha Hesabu kwenye Biblia, fimbo ya Haruni iliyolala kavu ikaamka ina maua na malozi. Nikalia, Mama.

Tena huyu Hank Aaron alikuwa na mdogo wake, Tommie, wakacheza timu moja. Tommie alivusha mara 13 tu, lakini rekodi ya ndugu inawahesabu pamoja: 768. Hakuna ndugu wengine waliofika hapo. Elia alisikie hilo vizuri.

Jina analolitaka mkewe silikatai, liwe la pili. Ubatizo nagharamia wote, mbuzi na mchele. Mtoto aitwe Haruni.

Nitumie picha yake, na nyuma uandike jina kwa mkono wako.

Mwanao,
Yohana