Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazee Duniani, Wete, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu, walimu na wazazi wetu,
Na nyinyi wazee wetu mliokaa safu ya mbele,

Assalaam aleykum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha leo tukiwa wazima wa afya, na tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuitikia wito wetu. Tunaishukuru pia Serikali yetu, ambayo tangu 2016 inawapa pensheni jamii wazee waliofika miaka 70. Baada ya shukurani hizo, tunaomba utusikilize juu ya maradhi ya kusahau.

Jirani na skuli yetu yupo bibi ambaye kila baada ya sala ya Alasiri hubeba pakacha akataka kwenda kuchuma karafuu. Shamba lenyewe limeshauzwa zamani. Wanawe wakimzuia, hulia. Wapo wanaosema karogwa, wapo wanaosema ana shetani. Sisi tunasema, kwa heshima zote, kwamba bibi yule anaonesha dalili za maradhi, na maradhi ya namna hiyo yameshaonekana ndani ya ubongo kwa hadubini.

Mwaka 1906, daktari wa Kijerumani Alois Alzheimer aliupokea ubongo wa Auguste Deter, mgonjwa wake wa zamani, aliyefariki akiwa na miaka 55 tu, kumbukumbu zake zimeshapotea. Aliitia tishu yake rangi ya madini ya fedha. Akaona mabonge nje ya seli, na ndani ya seli nyuzi zilizosokotana. Leo tunajua mabonge yale ni ya protini iitwayo amiloidi, na nyuzi ni za protini ya tau. Mpaka sasa wataalamu wanatafuta hayo hayo mawili. Ubongo hulowekwa kwenye formalini, dawa ya kuzuia kuoza, hadi ukakamae, hukatwa vipande, vipande hutiwa nta, kisha huchanjwa kwa mashine vikawa vyembamba kuliko unywele, ndipo vikatiwa rangi.

Mwaka 1991, watafiti wa ubongo Heiko Braak na Eva Braak walionesha kuwa nyuzi za tau husambaa kwa hatua 6. Huanzia upande wa ndani wa ubongo, usawa wa masikio, jirani na hipokampasi, sehemu inayotusaidia kuweka kumbukumbu mpya. Ndiyo maana mzee huweza kukusimulia msimu wa karafuu wa ujana wake, na chai aliyokunywa asubuhi akaikana.

Lililotushangaza zaidi ni kwamba wapo waliokufa na akili zao timamu, ubongo ulipochunguzwa ukakutwa na mabonge tele. Nyuzi za tau ndizo zinazokwenda sambamba zaidi na kupotea kwa kumbukumbu.

Mheshimiwa, kwetu maiti husitiriwa na kuzikwa mapema, na hatukuja kuomba ubongo wa mtu yeyote upasuliwe. Familia za kwengine zimesharidhia, na elimu waliyoitoa inamfaa mzee aliye hai. Picha za ubongo, vipimo vya maji ya uti wa mgongo na sasa vya damu vimepata kuaminika kwa kulinganishwa na yaliyoonekana kwenye tishu. Vipimo hivyo ni ghali. Lakini daktari aliyefundishwa anaweza kuanza na maswali ya kawaida, akatafuta sababu zinazotibika, kama upungufu wa vitamini B12, maradhi ya tezi ya shingo au sonona. Mzee asiyefikishwa hospitali hiyo nafasi haipati.

Kwa hiyo ombi letu kubwa ni kliniki ya wazee wenye matatizo ya kumbukumbu katika hospitali zetu za Pemba, hata kama ni siku moja kwa wiki, na jamaa wanaowauguza wapewe mafunzo ya kukaa nao bila ya kuwafungia ndani.

Ombi jengine ni la skuli. Tuna hadubini moja. Kioo chake tunakielekeza dirishani, na wingu likipita ganda la kitunguu linapotea machoni, darasa zima likiwa bado kwenye foleni. Tunaomba tuongezewe. Na wapo miongoni mwetu wanaotamani kusomea patholojia, yaani elimu ya kuchunguza maradhi kwenye tishu za mwili. Tunaomba Mheshimiwa utusemee pale nafasi za masomo zinapogaiwa.

Tunaomba kuwasilisha. Ahsante sana.