Wapeni data hawa vijana wa hesabu

Mhariri, naomba nafasi kidogo gazetini kwako maana hili jambo linanikera kweli.

Mdogo wangu anasoma master ya hesabu kwenye chuo kimoja hapa Tanzania, anatengeneza modeli ya malaria kwenye kompyuta, yaani hesabu za kukadiria ugonjwa utaeneaje, na kila akisema hivyo watu wanamuuliza itasaidia nini wakati dawa zipo na vyandarua vinagawiwa. Jamani hesabu zimeanza na malaria zamani sana! Ronald Ross, yule daktari aliyepata Nobel mwaka 1902 kwa kuonyesha mbu ndiye anayeambukiza, alikaa chini akapiga hesabu akaona si lazima uue mbu wote, wakishapungua kiasi fulani ugonjwa unakufa wenyewe. Miaka ya 1950 George Macdonald kule London akaongezea, na hapa ndo pananifurahisha. Mbu akishamnyonya mgonjwa hawezi kuambukiza siku hiyohiyo, vimelea vinahitaji kama siku 10 hivi au zaidi vikomae ndani yake, kwa hiyo mbu wa hatari ni yule anayeishi muda mrefu. Chukua mbu 100, sema kila siku wanabaki hai 90 katika kila 100, baada ya siku 10 unabaki nao kama 35. Sasa fanya wabaki hai 80 tu katika kila 100 kwa siku, siku ya 10 wamebaki 11 hivi, yaani wenye uwezo wa kuambukiza wamepungua zaidi ya theluthi mbili na hujafukia hata dimbwi moja. Hiyo ndo nguvu ya dawa ya ukutani na ya chandarua chenye dawa, vinafupisha maisha ya mbu, na ilionekana kwenye karatasi kabla hivyo vyandarua havijaenea.

Sasa dogo anataka kufanya hivyohivyo kwa bonde la Kilombero, mpunga, mafuriko, watu kuhamia mashambani msimu wa kilimo wakalala kwenye vibanda. Kaomba takwimu za wagonjwa kwenye ofisi moja, barua imezunguka meza kwa meza, njoo kesho, bosi hayupo, mpaka muda wa utafiti ukaisha. Akaishia kutumia namba za utafiti wa malaria wa Garki, kaskazini mwa Nigeria, za miaka ya 1970! Kule ni ukame sehemu kubwa ya mwaka, Kilombero maji yamejaa, hayo majibu yatamfaa nani?

Hatuombi majina ya wagonjwa wala siri za mtu, ni idadi tu ya kesi kwa mwezi kwa kila kata, ambazo tayari zahanati zinaandika kila siku na manesi wetu wanachoka kuzijaza. Wizara itoe utaratibu ulio wazi, mwanafunzi mwenye barua ya chuo apewe ndani ya wiki mbili, na wakati wa kupanga vyandarua viende wapi kwanza waiteni hao walimu wa hesabu mezani na modeli zao.

Msomaji wako,
Morogoro