Barua ya kufunga muhula: ramani tuliyojivunia na saa za kujitolea zilizotutia aibu

Kwa wazazi na walezi wote,

Salamu kutoka shuleni.

Watoto wanarudi nyumbani leo na kadi za matokeo. Zisomeni pamoja nao, pamoja na maoni ya mwalimu wa darasa ambayo wengi wenu huyaruka. Matokeo kwa jumla ni mazuri, na Hisabati imepanda tena. Ya mitihani naishia hapo, maana nina jambo kubwa la kuwapongezea watoto, na lingine ambalo sitalifumba.

Kidato cha Tatu kimeniheshimisha muhula huu. Jumamosi nzima walijifungia kwenye chumba cha kompyuta wakichora OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoanza mwaka 2004, ambayo yeyote anaweza kuichangia. Walipitia Missing Maps, mradi ulioanzishwa mwaka 2014 na Msalaba Mwekundu wa Marekani na wa Uingereza, Madaktari Wasio na Mipaka, na kikosi cha misaada ya kibinadamu cha OpenStreetMap yenyewe. Unaletewa picha ya setilaiti ya eneo ambalo ramani yake ni tupu, nawe unafuatisha kingo za kila paa na kila njia. Eneo limekatwa vipande vya mraba, na kipande kikimalizika hukaguliwa na mtu mwingine mwenye uzoefu. Ukichora kivuli ukidhani ni paa, kazi inarudishwa.

Vipande vyetu vya mwanzo vilirudishwa karibu vyote. Ilikuwa kelele: eti mkaguzi ana roho mbaya, eti kompyuta ni mbovu. Hadi mchana kelele zilikwisha, walikuwa wanakaguana wao kwa wao kabla ya kutuma, na wengine ilibidi mwalimu wa zamu awatoe kwa nguvu wakale. Sijawahi kuona wanafunzi wetu wakirudia kazi kwa hiari namna ile.

Mzazi mmoja aliniuliza langoni: mtoto kukaa mbele ya kompyuta nako ni kuhudumia jamii? Ndiyo. Tetemeko lilipoipiga Haiti Januari 2010, watu wa nchi mbalimbali waliokuwa majumbani mwao waliichora Port-au-Prince kwa siku chache, na waokoaji wakaitumia ramani hiyo kazini. Hata hivyo wengi wa wanafunzi wetu walitumia intaneti kutafuta tu nafasi za kujitolea, kisha wakaenda kufanya kazi kwa mikono: maktaba, upandaji miti, kuwasomea wazee.

Kwenye huko kutafuta, tafadhali kaeni nao. Tangazo la kweli linasema nani anaandaa, kazi ni ipi, mahali gani, umri gani unaruhusiwa na msimamizi ni nani. Likidai ada ya usajili au nakala ya kitambulisho kabla hata ya kueleza kazi, lifungeni. Na umri usidanganywe. Huduma ya kujitolea mtandaoni ya Umoja wa Mataifa inapokea watu wa miaka 18 na kuendelea, lakini tumekuta mwanafunzi wa Kidato cha Pili aliyejiongezea miaka ili ajisajili. Zipo kazi nyingi za rika lake. Kwenye Zooniverse, kwa mfano, tovuti ambapo watu wa kawaida huwasaidia wanasayansi kuchambua data, kila picha ya mnyama au ya galaksi huonyeshwa kwa watu kadhaa kisha majibu yao hulinganishwa, hivyo mwanafunzi anayejifunza haharibu utafiti wa mtu.

Sasa la pili.

Mnalifahamu daftari letu la mtandaoni la saa za kujitolea. Mwanafunzi anaandika tarehe, mahali, saa ya kuanza na kumaliza, kazi aliyofanya, na sentensi chache za alichojifunza. Msimamizi wake anapokea kiungo kwa barua pepe na kuthibitisha. Halina ugumu wowote. Asiye na intaneti nyumbani anachukua fomu ya karatasi ofisini, na mkutubi anamwingizia. Kwa hiyo kisingizio cha mtandao msiniletee.

Wiki mbili za mwisho saa zikaanza kumiminika. Tukaona picha moja ya fagio na ndoo imetumiwa na wanafunzi wa madarasa matatu tofauti. Tukaona kijana aliyefanya usafi wa kituo cha afya saa ileile aliyokuwa mbele yangu akifanya mtihani wa Kemia. Tukaona maelezo ya “nilichojifunza” yaliyonakiliwa neno kwa neno, pamoja na makosa ya tahajia.

Hao ni watoto, nitamalizana nao. Kilichonikera ni ninyi wakubwa. Daftari hili linaandika muda wa kila uthibitisho, jambo ambalo inaelekea hamkulijua. Zipo saa za muhula mzima zilizothibitishwa usiku mmoja ndani ya dakika chache, na anwani ya msimamizi ni ya baba mzazi. Zipo anwani za wasimamizi ambazo tulipoziandikia alijibu mama wa mwanafunzi. Nilipompigia simu mzazi mmoja alicheka: “Ni saa tu, Mwalimu.” Mzazi huyo aje ofisini aniambie hivyo mtoto wake akiwepo. Watoto waliorudishiwa vipande vya ramani na kuvichora upya wanalinganishwaje na mtoto aliyejaziwa saa sebuleni huku akitazama? Wote wangebeba cheti kilekile cha kujitolea chenye sahihi yangu. Sitakitia sahihi.

Saa zote za namna hiyo zimefutwa, na wahusika wanaanza upya kutoka sifuri. Kuanzia muhula ujao mzazi hawezi kuwa msimamizi wa mwanawe, hata kama kazi ilifanyika kanisani kwake, msikitini kwake au kwenye kikundi anachokiongoza. Atafutwe mtu mwingine wa hapohapo. Kazi iandikwe ndani ya siku saba, ikipita hapo haipokelewi. Wasimamizi watapigiwa simu bila taarifa. Picha za nyuso za wagonjwa, wazee au watoto wadogo hazitakubaliwa kuwa ushahidi wa lolote. Wale ni watu, si mapambo ya daftari. Picha ya kazi iliyokamilika inatosha.

Katika kikao cha walimu kuna aliyependekeza wahusika waadhibiwe kwa kuongezewa saa za huduma. Nilikataa, na nikiulizwa tena nitakataa. Siwezi kumwambia mtoto Jumatatu kwamba kujitolea ni heshima, kisha Ijumaa nikampa kama kiboko. Wamepewa barua za onyo, nanyi mtazitia sahihi.

Mengine kwa ufupi. Wanaodaiwa karo wafike kwa mhasibu kabla ya kufungua. Aliye na shida ya kweli aje tuzungumze mapema, si siku ya mtihani. Sare ni ileile. Tarehe ya kufungua imo kwenye kadi ya matokeo, na ni tarehe ya kufungua, si ya kuanza kufikiria kurudi.

Tarehe 5 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Kujitolea iliyowekwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1985, itatukuta likizoni. Sitoi kazi yoyote ya siku hiyo. Anayetaka kufanya jambo afanye, na aliandike mwenyewe.

Wenu,
Mwalimu Mkuu

Tanbihi: Wazazi mnaotumia nywila za wanafunzi kuingia kwenye daftari, nywila zote zitabadilishwa Jumatatu asubuhi. Mpya atapewa mwanafunzi mkononi.